Fundi Akisema Hapana, Ni Hapana

WAHENGA walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Msemo huu hutumiwa sana kuwasifu wazee wetu, lakini Jumapili hii nataka tuutumie kuzungumzia pikipiki. Ndiyo, msomaji, pikipiki!

Hapa kwetu pikipiki ikishabeba abiria na magunia ya viazi kwa miaka kadhaa, mwenyewe huanza kuiona kuwa mzigo. Huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, na hadithi yake ikaishia hapo. Lakini huko Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand kuna watu ambao wakiipata pikipiki iliyoundwa mwaka 1955 huipangusa vumbi, huishughulikia kwa miezi mingi na kisha, badala ya kuiweka sebuleni iwe pambo, huipeleka mashindanoni.

Watu hawa si wanamichezo wa kulipwa. Ni walimu, makarani, mafundi wa mabomba na wastaafu. Jumatatu asubuhi kila mmoja hurudi kazini kwake. Mshindi hupewa kikombe kidogo na kupigiwa makofi, basi. Petroli, tairi na ada ya kushiriki hutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Mchezo huu wa ridhaa una mizizi mirefu. Katika Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mbio za waendeshaji wa ridhaa zilianza mwaka 1923, na mwaka 1930 zikapewa jina la Manx Grand Prix. Mzunguko mmoja wa barabara hiyo, ambayo hupita vijijini na kupanda mlimani, ni karibu kilomita 61. Mwaka 1983 pikipiki za zamani zilitengewa mbio zao huko. Miongoni mwa zile zinazoenziwa sana ni Norton Manx, ambayo kiwanda kiliacha kuiunda mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hata hivyo, timu nyingi za pikipiki za zamani hushindana katika viwanja maalumu vya mbio, mwishoni mwa juma. Je, siku hizo huendaje? Tuichukue timu ya watu wanne: mwendeshaji, fundi, mwenye kushika saa na daftari, na yule anayehakikisha kuwa chai na chakula havikosekani. Mara nyingi hao ni watu wa nyumba moja, pamoja na rafiki au jirani.

Shughuli huanza Ijumaa jioni. Pikipiki hushushwa kutoka kwenye gari na kutayarishwa kwa ukaguzi. Wakaguzi hawana haja na rangi inayong'aa. Wao huitikisa gurudumu kuona kama linacheza, huvuta breki, hupima cheni na kutazama nyaya za klachi. Bolti ya kumwagia oili sharti ifungwe kwa waya ili isilegee kwa mtetemo. Sababu ni wazi: oili kidogo tu ikimwagika kwenye kona yaweza kuwaangusha waendeshaji kumi wanaokuja nyuma. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba uzembe wake huweza kulipiwa na mwingine.

Jumamosi huwa ni siku ya mazoezi. Mwendeshaji hufanya mizunguko michache kisha hurudi, na fundi huifungua plagi na kuitazama kama daktari atazamaye ulimi wa mgonjwa. Ikiwa nyeusi, injini inapata petroli nyingi mno. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba, injini inapata joto kupita kiasi na pistoni yaweza kuyeyuka. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotafutwa. Yote haya huandikwa daftarini, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwendeshaji naye ana mtihani wake. Pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka hiyo hubadilishwa gia kwa mguu wa kulia, na breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Za siku hizi ni kinyume kabisa. Aliyezoea pikipiki ya kisasa akisahau hata kwa nukta moja, atatafuta breki na kupata gia. Isitoshe, breki zenyewe ni za drami, zile ambazo viatu vyake hutanuka ndani ya gurudumu. Zikipata joto jingi hupoteza nguvu. Kwa hiyo mwendeshaji hodari ni yule ajuaye kuzitumia mapema na kuzihifadhi hadi mzunguko wa mwisho.

Jumapili hufika. Hewani huwa na harufu ambayo wapenzi wa mchezo huu hawaisahau: harufu ya mafuta ya mbarika yaliyoungua. Naam, yale yale ambayo wazee walitumia kufungua tumbo la mtoto! Injini nyingi za mbio za zamani zililainishwa kwa mafuta hayo, na hata jina Castrol lilitokana na jina la Kiingereza la mmea huo. Pikipiki nyingine hazina mtambo wa kuwashia. Husukumwa mbio mpaka injini iitike, na hapo utawaona baba na binti wakihema pamoja nyuma ya chuma cha umri wa babu.

Ni saa hiyo ambapo timu hupimwa, hata kabla ya bendera kushuka. Tuseme miezi sita ya kazi imekwisha, akiba ya familia imetumika, na marafiki wamesafiri kuja kushangilia. Injini inawashwa. Fundi anainamisha kichwa, anasikiliza, halafu anatikisa kichwa. Amesikia mgongo mdogo wa chuma ambao jana haukuwapo. Yawezekana si kitu. Lakini yawezekana pia injini ikakwama ghafla kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, na gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka.

Mwendeshaji atafanya nini? Kila kitu ndani yake kitasema, "Twende tu, ni mizunguko sita." Ndiposa timu zilizokomaa hukubaliana mapema, kabla ya damu kuchemka: fundi akisema hapana, ni hapana. Haijalishi kwamba fundi huyo ni kijana wa miaka 20 na mwendeshaji ni babake mzazi, mwenye pikipiki na mwenye nyumba. Katika uwanja ule, neno la mdogo humsimamisha mkubwa.

Huu si woga. Katika ile barabara ya Isle of Man peke yake, waendeshaji zaidi ya 260 wamepoteza maisha tangu mwaka 1911 katika mbio na mazoezi. Wengi wao walikuwa hodari kuliko yeyote wa kuwacheka. Chuma hakijui kwamba fulani ana watoto.

Wapo wasemao kwamba subira ya namna hiyo huwazuia watu kufika mbali. Hao nawaelekeza kwa Burt Munro wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1899. Pikipiki yake ilikuwa Indian Scout ya mwaka 1920, ambayo ilipotoka kiwandani haikuweza kupita kilomita 90 kwa saa. Munro hakuwa na kiwanda wala mfadhili mkubwa. Alikuwa na banda. Pistoni alizisubu mwenyewe kwa kutumia vikopo kama kalibu, jinsi mafundi wetu wa jua kali wafanyavyo. Vipande vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu, navyo vikawa shule yake.

Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliipeleka pikipiki hiyo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, na kuweka rekodi ya daraja lake kwa kasi ya zaidi ya kilomita 295 kwa saa. Alifariki mwaka 1978. Na sikiliza hili, msomaji: mwaka 2014 rekodi hiyo ilirekebishwa na kuongezwa kidogo, baada ya mwanawe kugundua kwamba hesabu za awali zilikuwa na kosa. Yaani baba alikimbia, na mtoto akasoma daftari. Kazi ilikuwa ya wawili.

Turudi nyumbani. Wakazi wa Nairobi waliowahi kuhudhuria maonyesho ya Concours d'Elegance huko Ngong Racecourse wamejionea magari na pikipiki za zamani zikikaguliwa na waamuzi kwa makini, na wenye kuzitunza wakisifiwa. Lakini wengi wetu pikipiki tunayoijua ni ile ya bodaboda itupelekayo stendi asubuhi, na mbio zake hazina bendera wala ambulansi iliyoegeshwa tayari.

Huko nako kunahitajika fundi wa kusema hapana. Mke akisikia breki inalia mumewe akiondoka, aseme. Mtoto akiona tairi limekuwa kipara, aseme, na baba asimwambie kwamba mambo ya watu wazima hayamhusu. Abiria akiambiwa wapande watatu, akatae hata kama amechelewa kazini. Nawe mwendeshaji, ukizuiwa, usidhani umedharauliwa. Aliyekuzuia ndiye mwenye timu nawe.

Kikombe cha mbio huota vumbi juu ya kabati. Timu iliyorudi nyumbani ikiwa na watu wake wanne, hata kama pikipiki imerudi juu ya gari bila kushindana, bado ina Jumapili nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine haujengeki tena.

Hadi juma lijalo, kagua breki zako.