Chuo Kidogo na Chuo Kikuu: Sanadi Imepotelea Wapi?

Kwetu pwani neno "chuo" lina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyote vya nchi hii. Mtoto hata hajatimiza miaka sita hutiwa chuoni, akaketi juu ya mkeka mbele ya maalim wake, akaanza na alifu. Miaka kumi na mitatu au zaidi ikishapita, mtoto yule yule, akijaliwa, huingia chuo kikuu. Jina ni moja, tofauti ni huo ukubwa tu. Nami nimepata kuketi juu ya mkeka wa chuo kidogo, na baadaye nikapata kusimama mbele ya ubao wa chuo kikuu nikifundisha Kiarabu na uandishi wa kitaaluma. Kwa hiyo naomba radhi kwa wasomaji nikisema kwamba baina ya vyuo hivi viwili pana kitu cha thamani ambacho watoto wetu wanakiangusha njiani, nasi tunawatazama.

Nitaanza na kisa. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea insha ya kurasa nane juu ya biashara ya majahazi baina ya pwani yetu na Ghuba. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama kanzu iliyotoka kwa dobi. Nikamwuliza maana ya neno moja la ukurasa wa pili. Akainamisha kichwa. Nikamwuliza jingine, akanyamaza. Nikaziweka karatasi kando, nikamwambia, "Mwanangu, tuwache Kiingereza. Hebu nambie kwa Kiswahili, majahazi yalikuwa yakija kwa upepo gani?"

Hapo uso wake ukafunguka. Akanieleza jinsi yalivyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, jinsi yalivyoleta tende na papa mkavu, na jinsi yalivyopakia boriti za mikoko kupeleka nchi zisizokuwa na miti. Haya aliyasikia kwa babu yake, aliyekuwa baharia. Alizungumza robo saa nzima, wala hapana hata moja katika hayo lililokuwamo ndani ya insha.

"Mbona hukuyaandika haya?" nikamwuliza.

"Mwalimu, nilidhani hayo si elimu."

"Na hizi kurasa nane umezipata kwa nani?"

"Nilizinakili kwenye simu, Mwalimu. Jina la mwenyewe sikuliangalia."

Nikamwuliza, "Je, ungesimama msikitini ukasema Mtume kasema kadha wa kadha, na ukiulizwa hadithi hiyo imepokewa na nani, ungejibu kwamba jina hukuliangalia?"

Akashtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. "Astaghfirullahi, Mwalimu! Hapo sithubutu."

Ndugu msomaji, kijana huyu hakuwa mjinga, wala hakuwa mwizi kwa tabia. Alikuwa akijua vyema kwamba neno lina mwenyewe, na kwamba mwenye kulisimulia hulisimulia kwa amana. Ila hakupata kuambiwa na mtu yeyote kwamba sheria hiyo aliyoivua pamoja na viatu mlangoni mwa chuo kikuu ndiyo sheria ile ile inayotakiwa ndani.

Hebu tuitazame sheria yenyewe. Imam Bukhari, aliyezaliwa mwaka 194 Hijria, yaani 810 Miladi, alisafiri nchi nyingi akikusanya hadithi, na katika kitabu chake mna hadithi zipatazo 7,000 pamoja na zile zilizokaririwa. Kila moja ina sehemu mbili: sanadi, ambayo ni mnyororo wa majina ya wapokezi, na matini, ambayo ni maneno yenyewe. Wanazuoni hawakutosheka kujua nani kasema. Walimchunguza msemaji: alikuwa mkweli, alikuwa na hafidha nzuri, alikutana kweli na yule anayedai kumsikia? Penye kasoro waliiita hadithi dhaifu, na ya kutungwa wakaiita maudhui. Vitabu vyao navyo vilitenga maneno ya watu: matini katikati ya ukurasa, sharhi na hashia pembeni, msomaji asichanganye kauli ya huyu na ya yule.

Sasa mwulize mhadhiri yeyote atakacho katika insha ya kitaaluma. Atakwambia: taja ulikopata habari, pima kama mwenye kuitoa ni wa kutegemewa, kisha tenganisha maneno yake na yako. Yote matatu maalim wetu waliyajua. Mpangilio wa marejeo na alama za nukuu ni mavazi tu, lakini mwili wake ni sanadi.

Kuna jambo jingine la kuhuzunisha. Katika nchi yetu, kijana akikwambia anafanya "uandishi wa kitaaluma", usiharakishe kudhani kwamba ni mwanazuoni. Mara nyingi maana yake ni kwamba anakesha mbele ya kompyuta akiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo. Biashara hii ya Kenya imeshajulikana duniani. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, ameichunguza, na mwaka 2024 ikaonyeshwa filamu juu ya waandishi hao iitwayo The Shadow Scholars. Australia ilipitisha sheria ya kuwapiga marufuku wauzaji wa kazi hizo mwaka 2020, na Uingereza ikafuata mwaka 2022.

Sina nia ya kuwatukana vijana hao. Wengi wana shahada na kazi hawana, na nyumbani kuna kodi na ada ya wadogo zao. Lakini natoa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wasemao vijana wa Kenya hawawezi kuandika wanakosea. Mtu apewaye mada ya uuguzi jioni, na alfajiri akawa ameshaiandikia kurasa kumi zenye marejeo kamili, huwezi kumwambia hana akili ya kuandika. Anachouza ni jina lake. Anaufanya mnyororo ukatike makusudi, maneno yake yakawa ya mwingine asiyejua hata yanasema nini.

La pili latuhusu sisi Waislamu zaidi. Twakumbuka sote kisa cha Mtume (S.A.W.) kupita sokoni, akautia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Mtume akataka kujua kwa nini basi ile iliyolowa haikuwekwa juu watu waione. Hata neno letu "kughushi" limetoka katika Kiarabu kwa maana hiyo hiyo. Basi insha ya kununuliwa, au ya kunakiliwa, ni lundo la namna hiyo: juu ni kavu, ndani imelowa. Na siku moja mwenye insha hiyo ya uuguzi atasimama kando ya kitanda cha mgonjwa.

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu iitwayo ChatGPT, lundo limekuwa rahisi zaidi kupatikana. Mwanafunzi huuliza, mashine humwandikia. Tena mashine hizi zina kasoro ambayo mwanafunzi wa hadithi angeitambua mara moja: huweza kutunga jina la kitabu kisichokuwapo na kukinasibisha na mwandishi aliyepo. Hiyo ni maudhui tupu! Wanazuoni wetu walikuwa na elimu ya kuyafichua mambo haya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nasi leo twawaacha watoto wao wadanganyike.

Je, kwa nini kijana anakili? Wenzangu wengine hujibu kwamba ni uvivu, na dawa yake ni adhabu na programu za kukagua wizi wa maandishi. Mimi sikatai adhabu. Lakini programu humkamata mwizi tu, haimfundishi kazi. Nijuavyo mimi, wengi hunakili kwa sababu lugha wanayotakiwa kuandika hawana. Wanazo kanuni zake, hawana yenyewe.

Na hapa ndipo ufundishaji wa lugha za kigeni unapoingia. Mtoto wetu huhitimu msahafu, akahifadhi na Ajurumia ya nahau, na wengine hufanya Kiarabu katika mtihani wa kidato cha nne. Akija darasani kwangu aweza kunieleza marfuu na mansubu bila kusita. Nikimwomba kwa Kiarabu anieleze alivyofika chuoni asubuhi, hapana jambo. Sasa nenda ufukweni Malindi. Utamkuta kijana auzaye vinyago, ambaye pengine darasa la nane hakumaliza, akijadiliana bei na mgeni kwa Kitaliano na kumchekesha juu yake. Hakufundishwa na mtu kanuni hata moja. Aliisikia lugha, akaihitaji kwa riziki yake, akaisema kwa makosa mpaka makosa yakapungua.

Msidhani natoa mambo mapya. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377, alitofautisha baina ya kuzijua kanuni za lugha na kuwa na malaka, yaani ule uwezo uliokwisha kuzama ndani ya mtu. Aliyejua kanuni tu alimfananisha na mtu awezaye kuueleza ushonaji hatua kwa hatua, lakini akipewa sindano hawezi kushona. Basi sisi tumejaza madarasa watu wa kueleza ushonaji, kisha tunashangaa wanapokuja wamevaa nguo za kuazima.

Vyuo vikuu navyo havijasalimika na lawama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa stadi za mawasiliano, mara nyingi kwa muhula mmoja tu. Mimi nimepata kusimama mbele ya darasa la wanafunzi zaidi ya 300, wengine wamekaa madirishani. Mwalimu mmoja atasahihisha insha 300 kila wiki kwa mkono gani? Huishia kuwauliza katika mtihani maana ya mawasiliano, nao humwandikia walichohifadhi. Muhula ukamalizika hapana aliyeandika aya moja akarudishiwa na kuambiwa irekebishe hapa.

Wako wasemao dawa ni kuandika kila kitu kwa Kiswahili, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nakubaliana nao nusu. Kiswahili kiwe mlango wa kuingilia, kisiwe kisingizio cha kutotoka nje. Tazameni nyumba moja ya Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiandika kwa Kiswahili na Kiarabu kuwahimiza watu wa pwani watafute elimu. Mwanawe, Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, alipata daraja la tatu katika mtihani wa sekondari, na Makerere hawakumchukua. Akafanya kazi katika taasisi ya mafunzo ya Waislamu hapo Mombasa, baadaye akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na mwisho akarudi Makerere ile ile akiwa profesa. Baba aliwasomesha watu wake kwa lugha zao, mwana akajadiliana na ulimwengu kwa lugha yake. Hapana aliyemtupa mwenziwe.

Basi nini kifanywe? Nina maoni matatu, na wenye mengine wayalete. Kwanza, insha ziwe fupi na ziwe nyingi: ukurasa mmoja kila wiki, na mwandishi aketi mbele ya wenzake aitetee kwa mdomo, kama tulivyokuwa tukisomeana kwa maalim. Aliyenunua ataonekana kabla hajafika aya ya pili. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kulipanga wazo lake kwa Kiswahili kwanza, halafu alivushe mwenyewe mpaka Kiingereza au Kiarabu. Tatu, walimu wa madrasa wawaambie wanafunzi wao waziwazi kwamba sanadi haiishii kwenye hadithi. Hata karatasi ya jiografia ni amana.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Kijana akirudi likizo twamwuliza amepata ngapi. Tumwulize amejifunza kwa nani, na yeye mwenyewe aonaje.

Yule kijana wa majahazi nilimrudishia kurasa zake nane. Baada ya wiki mbili akaniletea tatu. Kiingereza kilikuwa chake, na makosa yalikuwa kumi na saba, niliyahesabu. Lakini sentensi ya kwanza ilitaja jina kamili la babu yake, mji aliozaliwa, na jahazi alilosafiria, na chini yake kijana ameandika kwamba babu asemalo kuhusu boriti limekubaliana na kitabu alichokipata maktabani, ila kuhusu tende wamehitilafiana, na yeye anaelekea kumwamini babu kwa sababu alikuwapo.

Sikumpa alama kubwa, kwani makosa ni makosa. Lakini nilimwambia kwamba kurasa zile tatu angeweza kuzisoma popote, hata msikitini, na akiulizwa amepokea kwa nani, ana jibu.