Kichwa Kinauma, Kumbe Shingo Ndiyo Inayolia

Wadau, mtaniwia radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Sikuwa safarini wala sikuishiwa maneno. Nilikuwa nahangaika na mama yangu na kichwa chake.

Mama anaishi Moshono tangu kabla sijazaliwa. Kichwa kinamsumbua kwa miaka sasa, upande wa kulia, kinaanzia kisogoni na kupanda mpaka nyuma ya jicho. Kikimzidi, safari ni ileile: zahanati, kipimo cha malaria, hakuna kitu. Presha, iko sawa. Anapewa vidonge vya kutuliza maumivu, anarudi nyumbani. Siku chache tu, kichwa hicho tena! Mwenyewe alishakata tamaa. "Mwanangu, mimi kichwa changu ndivyo kilivyo."

Safari hii tukaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yule dada hakuanza na kichwa, alianza na shingo. Akamwambia mama ageuke kulia, shingo ikagoma katikati. Akabonyeza juu kidogo, chini ya kisogo, mama akaruka: "Hapohapo! Ndicho hicho kichwa changu!" Ndipo akaulizwa swali ambalo miaka yote hakuna aliyemuuliza: "Mama, umekuwa ukibeba nini kichwani?"

Maji. Kuni. Mikungu ya ndizi mpaka barabarani kusubiri gari la kwenda soko la Kilombero. Tangu akiwa msichana.

Nilirudi nyumbani nikasoma. Kumbe jambo hili lina jina na historia. Mwaka 1983 daktari wa Norway, Ottar Sjaastad, na wenzake walieleza aina ya maumivu ya kichwa yanayotoka shingoni. Mishipa mitatu ya kwanza ya fahamu ya shingo hukutana na mshipa wa fahamu wa uso na paji la uso, karibu na shina la ubongo. Taarifa za maumivu zikifika hapo zinachanganyikana. Pingili ya shingo inalia, wewe unasikia jicho linauma! Ndiyo maana kidonge kinatuliza tu, chanzo kinabaki palepale.

Kuna jingine lililonikera. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kuhusu wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba ya kwenye paji la uso. Ilionekana wanaweza kubeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Dunia ikashangaa. Lakini jamani, kilichopimwa pale ni hewa waliyovuta. Hakuna aliyepima shingo. Halafu piga hesabu: mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, ndoo yenyewe hujaihesabu. Mwaka 2010 watafiti walipowauliza wabeba maji wa Limpopo, Afrika Kusini, wengi walilalamikia maumivu ya shingo au mgongo.

Siwezi kuapa kwamba ndoo ndizo zilizomuumiza mama. Mtaalamu alisema inawezekana sana, umri nao umo. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuwasifia wanawake kwa mzigo badala ya kuwapunguzia. Na sisi waandishi tumo. Nimewahi kupiga picha ya mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni nikaandika chini yake "mwanamke jasiri". Sikumuuliza kama shingo inamuuma. Naona aibu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wahudumu wetu wa afya, mgonjwa akirudi mara ya tatu na kichwa kilekile, mguseni shingo, mumuulize kazi yake. Kuuliza hakuhitaji mashine. Na sisi wengine tuache kumeza vidonge kama karanga. Dawa za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa.

Tahadhari: si kila kichwa ni shingo. Kichwa kikija ghafla na kwa ukali usio wa kawaida, au kikaja na homa na shingo kukakamaa, au macho kuona ukungu, au mkono kulegea, wahi hospitali hapohapo. Na vijana wenzangu, yule kinyozi anayekunyonga shingo mpaka ilie "ka!" mwambie basi. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inapita humo, na inaweza kuchanika.

Mama anafanya mazoezi yake asubuhi na jioni. Kichwa hakijaisha, ila juzi alilala usiku mzima bila kidonge. Toroli tumenunua, na wadogo zangu wa kiume wamejua sasa bomba liko wapi.

Nyumbani kwako, ndoo anabeba nani? Nisaidieni kumuuliza shingo yake inaendeleaje.

Tuko pamoja.