Harusi yenye nyeusi si matanga, lakini muulize senge kwanza

Kama umewahi kuingizwa kwenye grupu ya WhatsApp ya harusi bila kuulizwa, unaijua ile meseji ya rangi. Kwanza huja salamu. Halafu namba ya kutuma mchango. Halafu wiki mbili za kimya, watu wakijifanya hawajaona. Kisha usiku mmoja mtu anaweka picha nne za mtandaoni na kuandika: "Rangi zetu ni hizi." Mara nyingi ni pinki ya vumbi na krimu. Mimi nimezaliwa Kakamega na vumbi ninalolijua ni jekundu, kwa hivyo hiyo pinki sijui ilitimka barabara gani.

Mwaka jana kwetu Shieywe meseji ilikuja tofauti. Binamu yangu, bibi harusi mwenyewe, aliandika: nyeusi, nyeupe na dhahabu. Nyeusi ikitangulia. Dakika tano hazikuisha kabla grupu haijawaka moto. Senge wetu mmoja, ambaye kwa kawaida hutuma tu aya za Biblia asubuhi, alituma sauti ya sekunde sita: "Nani amekufa?"

Mimi niko upande wa binamu, na nitakueleza kwa nini. Lakini senge naye hakuwa anaropoka, na ilinichukua muda kuelewa alikuwa anauliza nini.

Tuanze na hii nyeupe tunayoitetea kana kwamba tuliachiwa na kuka pamoja na shamba. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa na gauni jeupe, na baada ya hapo wenye pesa wakaiga, kisha wasio na pesa wakaiga wenye pesa. Kabla ya hapo bibi harusi wengi wa Ulaya walivaa tu gauni zuri kuliko yote waliyokuwa nayo, la rangi yoyote, na Uhispania kulikuwa na desturi ya kuolewa na hariri nyeusi. Sisemi gauni jeupe ni baya. Nasema ni mgeni aliyekaa sana nyumbani hadi anapanga nani alale wapi.

Sasa njoo karibu na kwetu. Nenda pwani. Kuna kanga inaitwa kisutu, kanga ya harusi kabisa, ile ambayo bibi harusi wa Kiswahili huvalishwa. Rangi zake ni tatu: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Hakuna shangazi wa Mombasa anayeitazama kisutu na kuuliza nani amekufa. Na mikononi mwa huyo huyo bibi harusi kuna maua ya hina, na mara nyingi pembeni ya hina kuna piko, ambayo ni nyeusi tititi. (Ukienda kupakwa piko, jaribu kidogo kwanza. Ile inayotengenezwa kwa dawa ya nywele huchoma ngozi ya watu wengine vibaya sana, na malengelenge hayajawahi kupendeza kwenye picha.) Kwa hivyo anayekuambia nyeusi haina mahali kwenye harusi ya Kiafrika, muulize Afrika gani anayoizungumzia.

Lakini najua utaniambia Mombasa ni mbali, sisi ni Waluhya. Sawa. Tuongee Kiluhya.

Isukuti unaijua. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma hii inapigwa wapi? Mtoto akizaliwa, inapigwa. Vijana wakitoka jandoni, inapigwa. Harusini inapigwa hadi kiatu kinakatika. Na mazishini pia inapigwa, ngoma zile zile, pengine na wapigaji wale wale. Hujasikia mtu akisimama harusini na kusema, "Zimeni hiyo, ni ya matanga." Mdundo unabadilika, maneno yanabadilika, watu wanajua wamekuja kufanya nini.

Na si ngoma tu. Hema la harusi ni lile lile la mazishi, limekodishwa kwa mtu yule yule. Viti vya plastiki ni vile vile, vingine bado vina jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi nyuma. Sufuria ni zile zile. Spika zilizolia Ijumaa kwenye mkesha ndizo Jumamosi zinazocheza muziki wa bwana na bibi harusi wakiingia. Emsii nilishawahi kumsikia akichanganya, akasema "marehemu" badala ya "maharusi", tukacheka hadi machozi. Yaani tumekubali kila kitu kivuke kutoka matanga hadi harusi, isipokuwa rangi ya kitambaa. Na ng'ombe je? Sijawahi kusikia mzee akirudisha ng'ombe wa mahari kwa sababu ni mweusi.

Hata msituni. Ukiingia msitu wa Kakamega asubuhi na mapema utamwona mbega juu ya mti, mweusi, na joho jeupe limemshuka mabegani, na mkia wenye kishungi cheupe. Kama kuna kiumbe aliyezaliwa akiwa tayari kwa harusi ni huyo.

Ila hizo zote, bana, ni hoja za kushinda mjadala kwenye grupu. Hoja iliyonifanya niwe upande wa binamu ni ya mfuko.

Umewahi kuwa mpambe? Dada yangu amekuwa mara tatu. Ana gauni la rangi ya pichi, gauni la rangi ya zambarau iliyofifia, na moja la kijani ambalo hadi leo hatujakubaliana linaitwaje. Kila moja lilimtoa pesa za kitambaa, za fundi, za viatu. Kila moja lilivaliwa siku moja. Hawezi kwenda nayo kanisani kwa sababu kila mtu anajua ni la harusi ya nani. Hawezi kwenda nayo kazini. Yamekaa kwenye sanduku chini ya kitanda kama risiti za urafiki. Harusi ya nne alisema anaumwa. Hakuwa anaumwa. Hakuwa na doh, na kusema huna doh mbele ya wasichana wenzako sita ni kugumu kuliko kusema una malaria.

Hili ndilo halisemwi. Kila tunapochagua rangi ambayo hakuna mtu anayo nyumbani, tunaweka ada ya kuingia. Mjomba anayeambiwa tai lazima iwe ya rangi ya shaba, atanunua wapi? Hatauliza. Hatakuja, halafu tutasema ana kiburi.

Nyeusi karibu kila mtu anayo. Suruali nyeusi ya kwaya. Sketi nyeusi ya siku ya usaili. Suti nyeusi ya bwana harusi ambayo alinunua mitumba na ikamkaa fiti kuliko mpya. Ndiyo maana binamu alipiga hesabu akaona wapambe wake watano watashonewa gauni jeusi la kawaida, lenye mkanda wa dhahabu unaotoka. Ukitoa mkanda, una gauni la kwenda popote. Alisema hivyo hivyo kwenye mkutano wa kamati, tukiwa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yao, na mimi nikapiga makofi peke yangu.

Hapo ndipo senge alisimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Mnasema kila mtu ana nyeusi nyumbani. Ni kweli. Mimi ninayo moja. Nilishonewa kumzika ndugu yangu. Huyo ndugu yangu ndiye baba ya huyu msichana. Sasa mnataka niitoe nije nicheze nayo?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimeandaa hoja ya Victoria na hoja ya kisutu, zote zikakauka mdomoni.

Kwa sababu ona, nilikuwa sahihi na nilikuwa nimekosea kwa sentensi moja. Kila mtu ana nguo nyeusi, ndiyo, lakini hatukujiuliza aliipata vipi. Sisi wa miaka ishirini na kitu nyeusi yetu ni ya jinzi, ya hudi, ya picha za Instagram. Mama zetu nyeusi yao wengi waliinunua kwa haraka, siku tatu kabla ya mazishi, kwa pesa ya kuazima. Kitambaa ni kile kile, rangi ni ile ile, ila yao ina siku iliyoshonwa ndani.

Kwa hivyo ukitaka nyeusi harusini kwako, nami nakusihi uitake, usiifanye amri. Hili ndilo kosa letu, tunafungua grupu na kutangaza rangi kama serikali inayotangaza kodi. Nenda nyumbani kabla ya meseji. Kaa na mathe, kaa na senge, kunywa chai, sema unachokiwaza na kwa nini. Usiende na picha za simu, nenda na kipande cha kitambaa, kwa sababu simu humuonyesha mtu harusi ya Marekani, na kitambaa humuonyesha gauni lako. Na ukiona mtu ameguna akanyamaza, usimalizie kwa "lakini siku hizi". Muulize.

Tulifanya hivyo, tukiwa tumechelewa kidogo. Makubaliano yalikuwa rahisi hadi nikaona aibu: nyeusi ibaki kwa vijana, bwana harusi na wapambe. Wazee wavae kitenge chochote, mradi kiwe na manjano au dhahabu ndani yake mahali fulani, hata kwenye ua dogo. Aliyefiwa hivi karibuni asipewe nguo nyeusi hata kama yeye ni mpambe. Bibi harusi mwenyewe alivaa gauni jeupe na mshipi mweusi kiunoni, na huo mshipi nitakuambia baadaye ulitoka wapi.

Mambo machache ya kiufundi niliyojifunza, maana kuna watakaouliza. Nyeusi si moja. Pamba nyeusi ikifuliwa mara mbili na kuanikwa juani inakuwa kama chai ya rangi, kwa hivyo nunua kitambaa cha wapambe wote kutoka jora moja, siku moja, na fundi awe mmoja. Ukimwachia kila msichana ashone kwake utapata nyeusi tano zinazogombana. Halafu picha: msisimame wote wenye nyeusi mbele ya ukuta wa giza au ndani ya hema jioni. Mtatokea kama doa moja na vichwa saba vinaelea. Simameni kwenye nyasi, kijani cha kwetu kinaipenda nyeusi sana. Na jua la saa sita si rafiki, nyeusi inavuta joto, kwa hivyo wapambe wawe na kivuli na maji. Mapambo ya hema, mimi ningeacha kabisa nyeusi juu kule. Vitambaa vyeusi vikining'inia kwenye nguzo, hapo hata mimi nitauliza nani amekufa.

Harusi yenyewe ilikuwa Agosti. Unajua Agosti ya Kakamega. Saa tisa mvua ilishuka kama kawaida yake, bila kujali nani ameolewa. Udongo mwekundu ukaanza kazi. Gauni jeupe la binamu lilipata pindo la rangi ya matofali hadi magotini. Wapambe walikunja nguo zao, wakavua viatu, wakaendelea kucheza isukuti, na ukiziangalia nguo zao hungejua kama wamelowa ama la.

Ule mshipi. Wiki moja kabla ya harusi senge alifika na mfuko wa plastiki. Alikuwa amekata kipande cha pindo la lile gauni lake la mazishi, akamshonesha kwa fundi wa sokoni kikawa mshipi, upana wa vidole vinne. Alimpa binamu jikoni, mimi nikiwa namenya viazi. Alisema, "Babako naye alikuwa anapenda harusi." Kisha akauliza kama vitunguu vimetosha.

Siku yenyewe alivaa kitenge cha manjano, na alicheza hadi wapigaji ngoma wakaomba kupumzika. Dada yangu, mara yake ya nne, alikuwa mmoja wa wapambe. Jumatatu iliyofuata alitoa mkanda wa dhahabu, akaenda kwenye usaili wa kazi mjini na gauni lile lile. Matokeo bado tunangoja.