Mtoto aliyeandika "shemize"



Juma lililopita, siku ya tatu jioni, mama mmoja alinifikia nyumbani na kaye ya mtoto wake wa kalasi ya tatu. Dikte ilijaa biki nyekundu, na mtoto alikuwa amekwisha kupigwa. Mama akaniuliza: "Mwalimu, huyu atarudilia mwaka?"

Nikasoma. "Shemize" mahali pa "chemise". "Mezon" mahali pa "maison". "Boku" mahali pa "beaucoup". Nikamwambia: mama, mtoto wako anasikia vizuri sana. Ameandika Kifaransa kwa kanuni ya Swahili, na ni sisi walimu tulimfundisha kanuni hiyo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imeweka lugha za taifa na lugha za mahali kuwa lugha za kufundishia, na kwa Swahili unaandika kile unachosikia.

Kifaransa si hivyo. Tazameni majina ya kwetu. Shituru tunaiandika na "sh". Sauti ile ile Mfaransa anaiandika "ch". Kwa "ch" yetu ya "chakula", mazoea ya hapa Kongo ni kuweka "tsh", ndiyo sababu mnaona "Tshiluba". Tena "s" ikikaa kati ya vokali mbili, Kifaransa kinaisoma "z". Kwa kanuni hiyo, Likasi ingekuwa Likazi! Kingereza, kile wamama wa biashara wanakutana nacho Kasumbalesa, kinapatana na sisi kwa "sh" na "ch", lakini nacho kinaficha herufi: "knife" inaanza na "k" ambayo hakuna anayeitamka.

Sisi walimu tuna kosa letu. Tunahesabu makosa yote sawa. "Shemize" na "semi" yanapata mstari mmoja mwekundu, kumbe aliyeandika "semi" ndiye wa kuangalia: hajashika sauti bado.

Si lazima mama ajue Kifaransa. Jioni, wakati bukari iko kwa moto, umtajie maneno matano ya Swahili: chakula, shoka, ng'ombe, nyumba, mkate. Akikosa sauti hapo, njoo tuonane. (Akiandika "mukate", usimgombeze. Mimi mwenyewe ninasema mukate na kuandika mkate.)

Akiyapata, afungue ukurasa mmoja wa kaye kwa kila sauti: wa "ch", wenye chemise, chat, bouche, wa "s" inayosomwa "z", wenye maison, rose. Dikte ikirudi, ahamishie humo neno alilokosa. "Beaucoup", lenye herufi 8 kwa sauti 4, halina ukurasa. Aliandike mpaka mkono ulizoee.

Yule mtoto alianza ukurasa wa "ch" pale pale kwa meza yangu. Neno la kwanza alilotaka kuandika ni "Chituru". Nikamwambia hapana, hilo ni la kwetu, linabaki na "sh".