Mama Mrundi, Mtoto Nani?

Kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Buyenzi aliniletea fomu ya mafunzo ya ufundi. Alijaza yote vizuri, akakwama penye neno "uraia". "Kaka, hapa niandike nini?" Amezaliwa Bujumbura, baba yake vilevile. Wazee wao walitoka Oman zamani, na karatasi ya Oman hawana. Mama yake ni Mrundi kabisa, lakini sheria ya uraia ya 2000 inamfuata baba. Basi HCR humwita mtu kama huyo "asiye na utaifa". Mimi mkimbizi wa kutoka Uvira angalau nina nchi niliyoikimbia!

Ndugu zetu wa mashirika hutuambia tusubiri, eti inatafutwa hadhi inayofaa. Hapo ninakataa. Waingereza walikuwa mafundi wa hadhi hizo. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti ya Uingereza walipokuwa wanakimbilia huko, bunge lilipitisha sheria kwa siku tatu tu: kama huna mzazi au babu wa kule, mlango umefungwa. Sheria ya 1981 ikawagawa watu mafungu matatu, na wale wa "ng'ambo" wakabaki na pasipoti isiyowapa haki ya kuishi Uingereza. Pasipoti gani hiyo jamani? Watu wa visiwa vya Falkland walipata uraia kamili 1983, baada ya vita. Wa Saint Helena, waliokuwa chini ya bendera hiyohiyo tangu karne ya 17, walingoja mpaka 2002. Kumbe iliwezekana siku zote.

Nitajibiwa kwamba Burundi ni ndogo, ardhi haitoshi. Kweli. Lakini kijana huyu anakula ugali wa hapa tangu aachishwe ziwa. Akipewa kitambulisho hataongeza mdomo hata mmoja. Tena Katiba ya 2005 ilishasema watoto wa Mrundi mwanamume na wa Mrundi mwanamke wana haki sawa mbele ya sheria ya uraia. Sheria ya 2000 ndiyo imebaki nyuma.

Ibadilishwe. Ninyi wa mashirika, kwenye zile semina za hoteli, lisemeni hili kabla ya chai. Na sisi wazazi na walezi tuandikishe kila mtoto komini anapozaliwa, maana bila cheti hata sheria nzuri haitamtambua.

Kwenye fomu tuliandika "Bujumbura". Imerudishwa.