Jozani: Matuta manne yaliyookoa kima punju, na kwa nini hayatoshi

Ukitoka mjini Unguja kuelekea Paje au Makunduchi, kuna sehemu dereva lazima akanyage breki. Miti inafunga kote kote, kisha tuta. Mbele kidogo, tuta jingine. Abiria wengi wanaona ni usumbufu tu, lakini kwa kima punju matuta hayo ni suala la kufa au kupona.

Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, haishi kwa asili popote duniani isipokuwa Zanzibar. Makazi yake makuu ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004. Shida ni kwamba barabara kuu ya kusini inapita humo humo.

Hesabu inasemaje?

Katika miaka ya 1990, kabla ya matuta, watafiti walikadiria kuwa kima mmoja aligongwa na gari kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Yalipowekwa matuta manne, ikawa mmoja kila wiki sita hivi.

Piga hesabu: kutoka vifo kati ya 17 na 26 kwa mwaka hadi wanane au tisa. Kwa gharama ya lami na kokoto tu, hayo ni mafanikio makubwa.

Ila wanane bado ni wengi. Na hao ni wale walioonekana. Kima aliyejeruhiwa akajikokota hadi kichakani, nani atamhesabu?

Si ni wengi lakini?

Kuna habari njema. Sensa iliyotangazwa 2017 ilikuta kima punju 5,862, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya awali. Lakini sensa hiyo hiyo ilionyesha kuwa watoto wengi hawafiki utu uzima. Kama watoto wanakufa mapema, kila mkubwa anayegongwa ni pengo lisilozibika haraka. Ndiyo maana bado yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Jirani asiyependwa

"Punju" maana yake ni sumu, na jina hilo halikuja kwa mapenzi. Kwa miaka mingi wakulima wa pembezoni mwa msitu walimlaumu kwa kula nazi changa. Utafiti uliochapishwa 1999 ulileta jibu la kushangaza: minazi ambayo kima walikula zaidi haikupungukiwa mavuno, bali ilizaa vizuri zaidi. Inaelekea kima wanapunguza vidaka, na vinavyobaki vinapata nafasi ya kukua.

Hata hivyo, mkulima halishi familia kwa utafiti. Kilichosaidia zaidi ni sehemu ya kiingilio cha watalii kurudi vijijini na kwa wakulima wenyewe. Kima akawa na faida inayoonekana.

Hapo ndipo ugumu ulipo

Watalii wanaolipa kiingilio hicho hawaji kwa miguu. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 638,000, na hoteli nyingi ziko pwani ya mashariki na kusini-mashariki. Gari linalompeleka mgeni kupiga picha na kima ndilo hilo hilo linaloweza kumgonga. Na barabara si ya watalii peke yao: wanafunzi, wagonjwa na samaki wa sokoni vyote vinapita hapo. Kuifunga si jambo la kuzungumzia.

Kinachowezekana ni kuongeza matuta pale kima wanapovuka zaidi, na kusimamia mwendo kweli kweli, si kwa kibao tu. Diani, nchini Kenya, wametundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugusa lami. Jozani inaweza kujifunza, ingawa kima punju wamezoea kushuka chini, kwa hiyo ngazi peke yake haitatosha.

Matuta manne yameshathibitisha jambo moja: dereva akipunguza mwendo, kima anaishi. Kwa anayewahi Paje, tuta linakula sekunde chache tu. Kima anayegongwa hapo hana mbadala wake popote nje ya visiwa hivi.