Kalemie: Kituo kilicho karibu kwenye kompyuta si lazima kiwe karibu na mgonjwa

KALEMIE – Kipindupindu hakingoji. Mgonjwa asiyepata matibabu anaweza kuishiwa maji mwilini na kufariki ndani ya saa chache. Kalemie, mji mkuu wa jimbo la Tanganyika, kwa miaka mingi umehesabiwa kati ya makao ya ugonjwa huu kandokando ya ziwa. Hapa, kujua mgonjwa anaishi wapi na kituo gani kiko karibu naye si jambo la wataalamu wa kompyuta peke yao.

Siku hizi hesabu za afya zinapita kwenye kompyuta. Congo ina zoni za afya 519, na takwimu zake hukusanywa kwa DHIS2, programu iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ambayo inaweza pia kuonyesha vituo kwenye ramani. Lakini programu yoyote inayotafuta mahali hufanya kazi mbili. Kwanza hugeuza jina la mahali kuwa namba mbili, yaani latitudo na longitudo. Kisha hupima umbali kati ya namba hizo na kupanga majibu, kuanzia la karibu hadi la mbali.

Kazi ya pili si ngumu. Nyuzi moja ya latitudo ni karibu kilomita 111, na tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kukufikisha kwenye mita kama 11 za mlango wa nyumba. Tangu mwaka 2001 kuna PostGIS, programu ya bure inayofanya hesabu hiyo kwa maelfu ya vituo mara moja. Matatizo yanatoka kwingine: kwenye jina linaloingizwa, na kwenye maana ya neno "karibu".

Jina moja, mahali patatu

"Kalemie" ni jina la mji, ni jina la teritware, na ni jina la zoni ya afya. Zoni ya Nyemba nayo iko ndani ya teritware ya Kalemie. Mgonjwa wa kijiji cha Nyemba akiandikwa tu kwamba anatoka "Kalemie", kompyuta itamweka katikati ya mji. Wakiandikwa hivyo wagonjwa ishirini, ramani itaonyesha mlipuko mjini, mahali ambapo hakuna mgonjwa hata mmoja. Dawa, klorini na maji safi vitapelekwa huko, na kijiji kitabaki kinasubiri.

Hatari ya kosa hili ni kwamba halionekani. Mashine haisemi "sijui". Inatoa alama nyekundu inayofanana na zile za kweli. Kwa hiyo kila mahali panapoandikwa panapaswa kuwa na maelezo ya namna palivyopatikana: je, palipimwa kwa GPS, au palikisiwa kutoka kwenye jina?

Mto haumo kwenye hesabu

Tatizo la pili ni mstari ulionyooka. Kutoka Kalemie hadi Kigoma, Tanzania, ni kama kilomita 125 ukikata ziwa. Hadi Moba, ndani ya jimbo letu, ni zaidi ya 130. Kwa kompyuta, basi, Kigoma ni karibu kuliko Moba. Mtu wa Kalemie anajua kwamba katikati kuna ziwa, mpaka na nauli ya boti.

Ndani ya mji ni vilevile. Mto Lukuga unatoka ziwani na kuugawa mji. Kituo cha afya kinaweza kuonekana ng'ambo tu, lakini bila kuzunguka hadi darajani hufiki. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda, nyumba na barabara zilifurika, na njia ya jana haikuwa tena njia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1854 daktari John Snow alihesabu vifo vya kipindupindu kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street, London. Katika ramani aliyoitoa mwaka uliofuata, alichora mpaka wa eneo la pampu hiyo kwa kufuata njia ambayo watu walitembea kwa miguu, si kwa mstari ulionyooka.

Nani atatoa majina?

Mfano wa karibu zaidi uko Lubumbashi. Mwaka 2014, mwaka ulioanzishwa mradi wa Missing Maps wa MSF na washirika wake, watu wa kujitolea walichora barabara za mji huo kutoka picha za satelaiti. Lakini satelaiti haijui jina la avenia. Ilibidi watu wa hapo wazunguke mitaani na kuyaandika.

Kalemie inao watu wa namna hiyo: ni RECO, wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Wao wanajua kwamba mkaaji hasemi namba ya nyumba. Anasema "nyuma ya kanisa, kabla ya kisima". Visima, makanisa, masoko na shule zikiingizwa kwenye hifadhi ya data pamoja na majina ambayo wakaaji wanayatumia, utafutaji utaanza kuwa na maana. Na badala ya kilomita, ni heri kuandika dakika za kutembea, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua.

Lakini si kila kitu kiwekwe wazi. Jimbo hili limepitia mapigano kati ya Watwa na Waluba, na maelfu ya wakimbizi wa ndani wameishi kwenye kambi kuzunguka mji. Orodha inayoonyesha nyumba ya kila familia kwa mita 11 inaweza kumsaidia muuguzi, na inaweza pia kumsaidia mtu mwenye silaha. Sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 13, 2023 inalinda data za mtu binafsi. Kituo cha afya kionekane kwa wote. Nyumba ya mgonjwa ionwe na anayemtibu tu.

Kununua programu ni hatua rahisi. Kabla ya hapo, viongozi wa afya wa jimbo wanapaswa kuamua nani ataandika majina, nani atayahakikisha, na nani ataruhusiwa kuyaona.